Barua Iliyosomwa Tanurini

Vilarinho das Urzes, 6 Februari 2022

Mjukuu wangu Sandrina,

Salamu zitangulie, mengine yatafuata nyuma kama mbuzi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu Krismasi halinisikilizi. Anayeandika ni Deolinda, kama kawaida, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nikisema neno baya analiruka. Nimemwambia akiruka nitajua, kwa sababu mkono wake unasimama. (Siruki kitu. Deolinda.)

Nguruwe tulimchinja tarehe nane Januari, baridi ya kuvunja mawe, nyama imeshika moshi vizuri. Soseji zako nne nimezitundika mbali na zangu ili nisijisahau. Mzee Firmino tumemzika. Zamu yangu ya kuchunga kundi la kijiji ikaangukia siku ya theluji, nikaenda. Albano wa mkahawa akanikuta njiani akasema, "Bi Umbelina, miaka themanini na minne, kaa motoni!" Nikamwambia, "Wewe una hamsini na unakaa motoni mwaka mzima. Umepata nini zaidi ya tumbo?"

Tulikuona kwenye televisheni ya mkahawani. Mwanamke wa chama cha Kijani, umevaa suti ya bluu! Wakasema wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuandika muswada wa mawe kwa Ulaya nzima. Nilijivuna nikaagiza divai. Nilikumbuka baba yako alivyonililia kwenye simu miaka kumi na minane iliyopita, kutoka Esch huko Luxemburg: "Mama, mtoto ameacha kazi ya benki, yuko kwenye mvua anagawa karatasi za kutetea vyura." Nikamwambia, Adelino, chura hajawahi kumfukuza mtu kazini, mwache. Ukawa diwani. Ukawa mbunge huko Luxemburg. Sasa uko Brussels, na kila mahali unawasimulia habari ya mbuzi wetu wa zamu, na bibi asiyejua kusoma ila anajua kutunza kitu cha watu wote. Watu wanapiga makofi. Mbuzi hawajui.

Basi sikia. Wamekuja watu na magari meupe juu kule Corga. Wametoboa mashimo kumi na moja kwenye malisho yetu. Wanatafuta jiwe la betri za magari. Chemchemi ya chini ilitoa maji meupe siku tatu, ng'ombe wakakataa kunywa. Kampuni inataka tuikodishe Corga miaka ishirini. Baraza la malisho limekaa, kila nyumba inayotoa moshi mkono mmoja, kama ilivyokuwa tangu kabla ya babu wa babu yangu. Tumesema hapana, karibu wote.

Wewe ndiye umeshika kalamu. Waambie hapana na wewe. Utawaambia? Ni hayo tu.

Bibi yako,
Umbelina

*

Brussels, 20 Machi 2022

Bibi,

Nakuomba baraka. Nisamehe kwa kuchelewa. Wiki hizi nalala kwenye treni zaidi ya kitandani. Baba anakusalimu. Moyo wake umeanza tena ule mchezo wa kuruka pigo, daktari wa Esch anataka kumpasua kabla ya vuli. Anakataa, anasema fundi ujenzi hafi kwa moyo, anakufa kwa kuanguka. Nitamshinda.

Pole kwa Mzee Firmino. Nakumbuka alivyonibeba mabegani Agosti zile tukija likizo.

Kuhusu Corga, Bibi, usiogope. Muswada huu hautaji kijiji chochote. Ni wa nchi ishirini na saba. Unasema mawe hayo yakichimbwa, yachimbwe kwa masharti: maji yapimwe, watu wasikilizwe, mashimo yafukiwe. Ulimwengu unaungua, Bibi, hata ninyi mmeona moto wa kiangazi ulivyofika hadi makaburini. Tukitaka kuacha mafuta lazima tupate kitu cha kushika mahali pake. Hakuna njia isiyo na jeraha. Kazi yangu ni kulifanya jeraha liwe dogo.

Najitahidi. Vaa ile soksi ya goti niliyokutumia.

Sandrina wako

*

Vilarinho das Urzes, 10 Aprili 2022

Mjukuu wangu,

Mimi mzima. Soksi inabana, nimempa Deolinda, ana miguu ya kuku. (Inanitosha vizuri. D.) Mwambie baba yako nimesema apasuliwe. Akikataa mwambie nitakuja Esch na fimbo, na anajua fimbo yenyewe.

Barua yako ilisomwa tanurini Jumamosi, siku ya kuoka, kama zisomwavyo zote. Hukukulia hapa, basi nikukumbushe. Barua ya mtu wa ng'ambo hufunguliwa mbele ya tanuri la kijiji, watu wote wakisikia. Ndivyo ilivyokuwa wakati nusu ya wanaume wetu wako Ufaransa na karatasi moja inabeba habari za nyumba kumi. Anayeifungua peke yake kwanza ni mwizi wa habari. Deolinda mwenyewe hajui kilichomo mpaka sauti yake imeshakisema.

Basi alisoma. Alipomaliza, Albano akauliza, "Sasa amesema ndiyo au hapana?" Kila mtu akanitazama mimi. Nilikuuliza kitu kimoja ukanijibu maneno arobaini, yote mazuri, na hakuna hata moja la kujibu. Kama ungekuwa mbuzi ningesema umekula kitu kibaya.

Nakuuliza tena. Utapiga kura gani?

Mikate ilitoka mizuri. Deolinda anasema niweke neno tamu mwishoni. Sina leo.

Umbelina

*

Brussels, 29 Mei 2022

Bibi yangu,

Nakuomba baraka, kuliko siku zote.

Baba amekubali kupasuliwa. Ni tarehe kumi na moja Julai. Mimi ndiye nitakayekaa naye, hana mwingine.

Umeniuliza mara mbili na ni haki yako kujibiwa. Tarehe sita Julai muswada unapigiwa kura bungeni Strasbourg. Nitapiga ndiyo. Chama kimekubaliana hivyo, na mimi ndiye niliyekishawishi. Ukianguka, tutarudi kwenye sheria ya zamani, ambayo haina hata sharti moja. Na mawe yenyewe hayataacha kuchimbwa. Yatachimbwa Kongo, yatachimbwa milimani Amerika ya Kusini, kwenye malisho ya bibi wa mtu mwingine. Siwezi kusimama pale na kusema: chimbeni kote, ila si kwa Bibi yangu. Wangecheka, na wangekuwa na haki ya kucheka.

Kuna jambo jingine ndani ya muswada ambalo siwezi kuliandika hapa. Niliahidi kunyamaza hadi siku ya kura. Ningeweza, ungekuwa wa kwanza kulijua. Niamini, Bibi. Niamini mwezi mmoja tu, na msisaini chochote.



Bi Deolinda, nakusihi: barua hii isisomwe tanurini. Msomee Bibi peke yake, nyumbani kwake.

Sandrina

*

Vilarinho das Urzes, 13 Juni 2022

Sandrina,

Neno la siri huwekwa mwanzo wa barua, si mwisho.

Ilikuwa Jumamosi. Mikate thelathini tanurini, watu wamejaa mpaka nje. Deolinda akapasua bahasha, akaanza kwa sauti yake ya kanisani. Tarehe ya baba yako, watu wakasema Mungu amsaidie. Halafu, "Nitapiga ndiyo." Nilisikia koleo la mikate likianguka. Deolinda akaendelea, maana barua ya tanurini haikatishwi katikati, mpaka akafika chini kabisa: isisomwe tanurini. Akakunja karatasi, akaifunua, akaikunja tena. (Nisamehe, binti. Sikujua. D.)

Albano hakunicheka. Heri angenicheka. Alisema polepole, "Bi Umbelina, kama Kijani wetu wenyewe, damu yako, amesema ndiyo, sisi tunamkatalia nani?"

"Amesema msisaini," nikamwambia.

"Amesema mengi. Kura yake ni moja. Sheria ikipita watatunyang'anya bure. Tusaini sasa wakati bado wanabembeleza."

Mke wake akadakia, "Anajua kitu hawezi kukiandika! Mimi pia najua vitu, mbona havinijengei nyumba Luxemburg?" Watu wakacheka. Walionicheka ni watu niliowapokea tumboni mwa mama zao kwa mikono hii.

Baraza la pili limeitishwa Jumapili tarehe kumi na saba Julai, baada ya misa.

Unaniambia kuna bibi wa mtu mwingine huko Kongo. Sawa. Na yeye amwandikie mjukuu wake. Mimi nilikuwa na mmoja, nikamwandikia.

Umesema nikuamini. Mtu akitaka kuaminiwa huja, hukaa, hula, hunitazama usoni. Usiniandikie tena, na simu ya mkahawani usipige, sitakwenda kuisikiliza mbele ya wale watu. Mwangalie baba yako.

Umbelina

*

Strasbourg, 8 Julai 2022

Bibi,

Najua umesema nisiandike. Nichape, niite jina lolote, ila mwambie Bi Deolinda aisome hadi mwisho, na safari hii aisome tanurini, kwa sauti kubwa kuliko zote.

MSISAINI.

Sheria imepita juzi. Sasa ninaweza kusema. Kifungu cha kumi na nne ni changu. Nimekipigania miaka miwili. Kinasema hivi: ardhi ya watu wote haichimbwi jiwe la betri bila kibali cha baraza la wenyewe, na serikali haiwezi kuitwaa kwa nguvu kwa ajili hiyo. Hapana yenu ikishasemwa, imekwisha. Hakuna kampuni, hakuna waziri, hakuna Brussels. Nilikiandika nikiwaza mikono yenu ikipanda na kushuka mbele ya kanisa. Waliokubali kukiacha ndani ya muswada walitaka mambo mawili kutoka kwangu: chama kizima cha Kijani kipige ndiyo, na nisifungue mdomo mpaka kura ihesabiwe, kwa maana wachimbaji wangekisikia kingechinjwa usiku huohuo. Ndiyo yangu ndiyo niliyokinunulia. Sikuwa na kingine cha kutoa.

Mkisema hapana Jumapili ya tarehe kumi na saba, Corga ni yenu milele. Mkisaini ndiyo, kifungu hakiwezi kuwalinda tena. Mtakuwa mmetoa kibali wenyewe.

Nimepiga simu mkahawani mara tatu tangu juzi. Mara mbili Albano amesema umekataa kuja. Mara ya tatu nikamwambia, basi waambie wewe, wasisaini. Akacheka: "Umesema ndiyo huko, sasa unataka sisi tuseme hapana huku? Amua, binti." Akakata. Sasa simu inaita tu.

Ningekuja. Ningepanda ndege leo. Lakini Jumatatu wanamfungua Baba kifua, na jana usiku pigo lilimpotea akazimia jikoni. Siwezi kumwacha. Barua itafika Alhamisi, siku tatu kabla ya baraza. Nimeituma kwa kusainiwa, apewe Bibi mkononi.

Bibi, nisamehe baadaye. Kwanza isome.

Sandrina

*

Esch, 26 Julai 2022

Bibi,

Baba yuko hai. Anakula supu na kulalamika.

Binamu yake aliyeko mjini Chaves ametupigia. Amesema mmesaini. Kumi na tisa kwa kumi na nane. Nilidhani hakusikia vizuri, nikamwuliza tena.

Karatasi ya posta inaonyesha barua ilipokelewa tarehe kumi na nne, na alama ya kidole chako. Nimeitazama alama hiyo mpaka macho yakauma. Ulisomewa? Nakuuliza hilo moja tu.

Nimeandika barua ya kuacha kiti. Iko mezani, bado sijaitia tarehe. Miaka kumi na minane, Bibi. Nilidhani nimejifunza namna ya kuzungumza na watu.

Sandrina

*

Vilarinho das Urzes, 18 Septemba 2022

Mwanangu,

Mshukuru Mungu kwa kifua cha baba yako. Nilifunga siku tatu kwa ajili yake, nikala ya nne kama mbwa mwitu.

Deolinda yuko hapa zizini kwangu, mlango nimefunga kwa komeo. Barua hii haitoki mdomoni mwake kwenda kwa mtu mwingine.

Umeuliza kama nilisomewa. Hapana. Mtu wa posta alinipa bahasha mkononi, nikaweka kidole alipotaka, nikaitia ndani ya kasha la unga. Deolinda alikuja jioni ile, akaja na Ijumaa. "Umbelina, niifungue?" Nikamwambia akiigusa nitamkata mkono. Nilisema ndani yake mna maneno mengine arobaini. Nilitaka uteseke kidogo, Sandrina. Nilitaka ukae huko na suti yako ya bluu usijue kama bibi yako bado anakupenda. Kidogo tu, mpaka Agosti, halafu uje nikupikie.

Tuliifungua siku ya Kupalizwa Mama wa Mungu, katikati ya Agosti, kwa sababu unga ulikuwa umeisha na bahasha ikabaki peke yake chini. Deolinda alifika kwenye kile kifungu akaweka karatasi chini. Nikamwambia soma. Akasema hawezi. Nikamwambia, hukuweza kunyamaza siku ile, leo ndiyo huwezi kusoma? Soma. Akasoma.

Sasa nikwambie jambo ambalo binamu wa Chaves hakusema, kwa kuwa ni aibu kulisema kwenye simu.

Nilikwenda barazani na hapana yangu tayari. Nilikaa mbele, kwenye jiwe, na goti langu. Albano alisimama akasoma karatasi ya kampuni. Watu wengi walikuwa na hapana bado, usidhani wote ni waoga. Kisha mke wa Albano akasema nyuma yangu, si kwa kunong'ona: "Tumwone leo. Ataisema hapana, naye ndiye aliyezaa ukoo wa msaliti?" Ndivyo walivyokuwa wanakuita tangu Juni, nami sikukuandikia. Msaliti wa Brussels. Dukani, kanisani, njiani kwenda chemchemini. Nilikuwa nimemrushia mmoja wao ndoo.

Albano akasema, wanaokubali wainue mkono. Akaanza kuhesabu. Mimi nilikuwa nimeweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Nikawaza, nikiinua mkono wangu pamoja na wale wa hapana, kijiji kizima kitasema: hata bibi yake amemkana. Utakuwa umesimama peke yako duniani, wewe na ndiyo yako nisiyoielewa. Baba yako ametoka tu chini ya kisu, mimi hapa nakutemea mate mbele ya watu. Sikuweza. Nilikukasirikia mpaka meno yaliniuma, na sikuweza.

Niliinua mkono wa ndiyo. Albano alinitazama, akasema, "Kumi na tisa."

(Sikujua hili mpaka sasa hivi anapolisema. Nilisimama upande wa hapana, macho chini, na hakuna aliyeniambia. D.)

Uliniomba nikuamini. Nilikuamini kwa mkono. Kwa masikio sikukuamini. Ningekuwa nimegeuza hivyo viwili, Corga ingekuwepo.

Wameanza. Barabara wameikata pale vichaka vya maua ya mlimani vilipokuwa, matingatinga manne. Kundi la zamu limevunjwa. Kila mtu anawafungia mbuzi wake uani, wanalia kutwa kwa kuwa wanasikia upepo wa kule na hawafiki. Wangu nimewatoa wote isipokuwa mmoja mzee, maana tunafanana.

Hiyo barua yako ya kuacha kiti, ichome. Usinibishie. Kuna vijiji vingine, nimeambiwa na mhandisi wao mwenyewe, kijana mwenye adabu: ng'ambo ya mpaka huko Hispania, na kwingine kwenye majina nisiyoweza kuyatamka. Vina malisho ya wote kama yetu. Vina mabaraza, vina akina Albano, na vina vikongwe wakaidi. Hawajasaini. Kile kifungu bado ni chao. Nenda ukawaambie. Nenda kwa miguu yako, ingia mlangoni, kaa, kula wanachokupa hata kama kina chumvi, na uwaambie kwa mdomo. Usiwaandikie.

Kwangu usije mwaka huu. Deolinda amesimamisha kalamu, ananitazama vibaya, ila ataandika. Si kwa hasira. Hasira iliisha siku ya Kupalizwa. Nikikuona mlangoni nitataka kukuomba msamaha, na wewe utataka kuniomba mimi, na hakuna kati yetu anayeweza kuurudisha mlima. Tutakaa tukitazamana tu na supu ikipoa. Ngoja nipate nguvu ya jambo hilo. Nikiipata nitakuita. Nina miaka themanini na minne, sitachelewa sana.

Baraka uliyoomba mwezi wa tano sikukujibu. Nakupa sasa, yote niliyo nayo.

Msalaba ulio hapa chini nimeuchora mwenyewe, kwa mkono uleule.

+